Kitanda cha Mgonjwa na Kalamu ya Binti: Uzee na Uuguzi katika Historia ya Fasihi ya Kiswahili

Mnamo mwaka wa 1275 wa Hijria, yaani 1858 wa Miladi, Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi ambao hadi leo haujaondoka katika vinywa vya watu wa Lamu na visiwa vya jirani, wala katika mihadhara ya vyuo vikuu. Utendi huo umesomwa kama waadhi wa ndoa, kama hati ya dini, kama kielelezo cha lahaja za kaskazini, na katika miongo ya hivi karibuni kama ushahidi wa kutiishwa, au wa werevu uliofichika, wa mwanamke wa Kiswahili. Ni nadra, hata hivyo, kukumbukwa kwamba ulitungwa katika ugonjwa. Mtunzi anaeleza mapema kabisa kwamba maradhi yamemshika hata mwaka umetimia naye hajapata kumwambia mwanawe neno jema. Kisha anamwita asogee, aketi mbele yake, aje na wino na karatasi. Kabla ya kuwa mafunzo ya mke kwa mume, basi, utendi huu ni mazungumzo baina ya mama anayeugua na msichana aliye karibu na kitanda chake.

Makala haya yanashikilia kwamba kusahauliwa kwa kitanda hicho si jambo la sadfa. Fasihi ya Kiswahili, tangu enzi ya tendi hadi tamthilia na riwaya za baada ya uhuru, imempa mzee ulimi na kumnyima mwili. Imemsikiliza anapousia na kumlilia anapozikwa. Kati ya wosia na kaburi, hata hivyo, kuna kipindi ambacho mtu mzima hulishwa, huogeshwa, hugeuzwa ubavu na kusubiriwa usiku, kipindi ambacho huenda kikachukua miezi miwili au miaka kumi. Kipindi hicho kina watenda kazi wake, wengi wao wakiwa wanawake, na kina machungu na fadhila zake. Kilichokosa ni masimulizi.

Ushahidi wa kwanza wa ukimya huu unapatikana katika uainishaji wa tanzu. Mtoto anayezaliwa ana bembezi zake. Kijana anayeingia utu uzima ana nyimbo za jando au za unyago, na bibi arusi ana vugo. Maiti ina mbolezi. Kwa mkongwe aliyelazwa chumba cha nyuma, uainishaji wetu wa fasihi simulizi hautaji utanzu wowote unaomhusu yeye kama mpokeaji wa huduma. Huenda ikasemwa kwamba zipo nyimbo za uganga na za kupunga pepo, na kwamba hizo ni fasihi ya ugonjwa. Ni kweli, lakini pepo ni mgeni ambaye hupungwa akaondoka. Uzee hauna wa kuupunga. Nyimbo za kilinge hudhamiria tiba, nazo hunyamaza pale ambapo tiba haitarajiwi na kilichobaki ni kutunza tu.

Methali nazo zina upendeleo wa aina hiyo hiyo. Jungu kuu halikosi ukoko. Penye wazee haliharibiki neno. Kuishi kwingi ni kuona mengi. Katika zote hizi mzee anathaminiwa kwa kile anachoweza kutoa, nacho ni maneno. Ile ngano inayosimuliwa katika pembe nyingi za ulimwengu, ya nchi iliyoamuru wazee wote wauawe na kijana mmoja akamficha babaye, huishia kwa mzee kufumbua fumbo lililowashinda vijana, na amri ikatanguliwa. Wasimulizi huipenda kwa kuwa yaonekana inawatetea wazee. Ukiitazama kwa makini, utetezi wake una sharti gumu: mzee yule ameponea kwa sababu akili yake ilikuwa bado timamu. Lau angekuwa amesahau hata jina la mwanawe, ngano isingekuwa na mwisho. Methali moja tu, kati ya zile zinazotajwa mara kwa mara, inaukaribia mwili wenyewe, nayo haimtaji mzee: ng'ombe akivunjika guu malishoni hujikokota zizini kusaidiwa. Hapo hakuna hekima inayodaiwa kwanza. Ng'ombe amevunjika, na zizi ni lake.

Lugha yenyewe imehifadhi jambo ambalo tanzu zimelipoteza. Kuugua na kuuguza ni vitenzi vya shina moja. Anayeuguza hakupewa neno la mbali linalomweka juu ya mgonjwa. Ametajwa kwa ugonjwa ule ule, kana kwamba naye ameingizwa ndani yake. Kila aliyekesha na mzazi mgonjwa anafahamu kwamba sarufi hii haikukosea.

Turudi Siyu. Mwana Kupona, ambaye kwa kawaida husemwa kuwa alizaliwa Pate yapata 1810, hakuwa mkongwe alipotunga. Miaka yake haikufika hamsini au iliipita kidogo tu, naye alifariki yapata 1860. Kama kigezo ni hesabu ya miaka pekee, utendi wake haupaswi kuingizwa katika mjadala wa uzee. Lakini uzee katika jamii nyingi za Afrika Mashariki haukuhesabiwa kwa miaka tu. Mtu aliyefiwa na mwenziwe, aliyeshindwa na mwili wake, na ambaye mwanawe amefikia umri wa kuolewa, alikuwa amekwisha kuvuka. Mwana Kupona anazungumza kutoka upande huo wa pili. Mumewe, aliyekuwa amepambana na majeshi ya Seyyid Said kuilinda Siyu, alikuwa ameshakufa, na miaka michache baadaye mji huo ungeangukia mikononi mwa utawala wa Zanzibar. Vita hivyo havina nafasi katika utendi. Kinachopewa nafasi ni nyumba.

Katikati ya mawaidha, mtunzi anakumbuka maisha yake na baba yake Hashima: jinsi walivyoishi kwa furaha bila kuvunjiana heshima, na jinsi saa ya faradhi ilipowadia mume alivyomkaririia radhi, akashukuru na kuridhika, ndipo akaondoka. Beti hizi kwa kawaida husomwa kama kielelezo cha mke mwema anayepewa mfano kwa binti. Kuna jambo jingine ndani yake. Kitanda cha Bwana Mataka ndicho kitanda cha kwanza katika utendi huu, na aliyekaa kando yake ni mke. Radhi iliyokaririwa pale haikuwa neno la adabu tu. Katika uchumi wa nyumba ya Kiswahili, ambamo kazi ya kuuguza haikuwa na ujira wala hati, radhi ndiyo iliyokuwa stakabadhi. Aliyeuguza alikuwa na neno la mgonjwa kwamba kazi imetendeka na deni limelipwa, na neno hilo lingemfaa mbele ya watu na mbele ya Mungu. Ndiyo maana mtunzi anazihesabu radhi tano ambazo mwanadamu hawezi kufanikiwa bila kuzipata: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Wahakiki wametumia wino mwingi kubishana juu ya ile ya tano. Ile ya tatu na ya nne, ambazo ndizo zinazomgusa binti aliyekaa na karatasi wakati huo huo, zimepitwa kwa haraka.

Aghalabu kosa hilo lilianzia katika jalada. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha utendi huu mwaka 1934 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, anwani waliyoipa kazi yao ilitaja wajibu wa mke. Kwa hiyo vizazi vya wasomi vimeingia katika shairi kwa mlango wa chumba cha harusi, na waliokuja baadaye kulitetea au kulishutumu wamepita mlango huo huo. Lakini maelekezo yanayompa mume nafasi kubwa ni maelekezo ya namna gani? Alalapo asiamshwe ovyo. Apapaswe, apepewe, apakwe manukato, anyolewe vizuri. Zaidi ya yote, mtunzi anamwagiza binti amtunze mtu huyo kama mtoto asiyejua bado kusema. Huu ni msamiati wa uuguzi. Mwanamke aliyejifunza kazi hiyo kando ya kitanda cha mume anayekata roho, na ambaye sasa amelazwa yeye mwenyewe, anamfundisha bintiye njia pekee ya kuhudumia mwili wa mtu mwingine anayoifahamu. Haiwezekani kuthibitisha kwamba alikusudia Hashima ayatumie mafunzo hayo kwa mamaye pia. Inatosha kuona kwamba wakati wa kufunzwa, mwili uliokuwa mbele ya macho ya msichana haukuwa wa mume wowote.

Kuna mkono mwingine chumbani ambao utendi unautaja ili kuuondoa. Binti anaonywa asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Nyumba kubwa za Siyu, Pate na Lamu katika karne ya kumi na tisa zilisimama juu ya utumwa, na hapana shaka kwamba sehemu kubwa ya kazi ambayo leo tunaiita ya mapenzi ya kifamilia, kama vile kuteka maji ya kumwogesha mgonjwa, kufua nguo zake na kumwinua, ilitendwa na vijakazi. Ni muhimu jambo hili lisemwe waziwazi, kwa kuwa mazoea ya kuusifu ulezi wa wazee wa zamani huzungumza kana kwamba ulitoka katika wema wa ukoo peke yake. Utumwa ulipoondolewa kisheria, Unguja na Pemba mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, nyumba hizo zilipoteza wauguzi wake. Na mjakazi aliyezeeka akiwa hana ukoo wala mtoto wa kumpa radhi? Hakuna utendi uliotungwa kando ya kitanda chake.

Utendi wa Fumo Liyongo, katika toleo lililotungwa na Muhammad bin Abubakar Kijuma mwaka 1913, unathibitisha jinsi mkondo wa huduma ulivyozoeleka kwenda upande mmoja. Mama ndiye anayemwokea mwanawe mkate wenye tupa ndani yake, naye kijakazi Saada ndiye anayeupeleka gerezani. Mama ndiye anayekuja kumbembeleza shujaa aliyepiga goti kisimani, bila kujua kwamba anaibembeleza maiti. Upande wa pili, mwana wa Liyongo anamlipa babaye kwa sindano ya shaba. Huduma inateremka kutoka kwa mzazi, na kinachopanda kutoka kwa mtoto ni usaliti.

Karne ya ishirini ilileta aina mpya ya mzee katika maandishi ya Kiswahili: mzee aliye mbali. Shaaban Robert, aliyezaliwa 1909 na kufariki 1962, aliingia katika utumishi wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika mwaka 1926, na utumishi huo ulimhamisha kituo baada ya kituo. Katika Maisha Yangu, baada ya kusimulia kifo cha mkewe Amina, anaweka tendi mbili za wosia, Hati kwa bintiye na Adili kwa mwanawe wa kiume. Wasomaji wengi wameona hapo mwendelezo wa jadi ya Mwana Kupona, na wako sahihi kwa upande wa umbo. Kwa upande wa hali ya utunzi, tofauti ni kubwa. Aliyeandika hakuwa kitandani. Hakuwa mzee hata kidogo. Alikuwa mtu wa makamo mwenye afya na ajira, aliyevaa sauti ya uzee kabla uzee haujamfikia. Wosia umetoka chumba cha mgonjwa ukahamia mezani kwa karani. Katika safari hiyo mwana naye amebadilika, maana hashiki kalamu tena. Yeye ni mpokeaji wa maandishi yatakayomngoja mpaka ajue kuyasoma. Jina lenyewe, Hati, ni la ofisini.

Mabadiliko haya yana sababu zake katika historia ya kazi. Serikali ya kikoloni nchini Kenya ilimtaka mfanyakazi mwanamume mjini akiwa peke yake, na kwa miaka mingi nyumba zilizojengewa Waafrika wa Nairobi zilikadiriwa kwa kitanda, si kwa familia. Mshahara ulihesabiwa kwa tumbo moja. Mtoto wake, mkewe na wazazi wake waliachiwa shamba, na shamba likafanywa kuwa ndiyo bima ya uzee ambayo mwajiri hakutaka kuilipa. Ilipopitishwa sheria ya Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii mwaka 1965, iliwashika waliokuwa na ajira rasmi, na wengi wa waliouguza hawakuwa na ajira ya namna hiyo. Wanahistoria wa kazi wameyaandika haya kwa kina. Wahakiki wa fasihi hawajauliza vya kutosha kuhusu athari zake katika usawiri: mhusika mzee wa riwaya ya Kiswahili ya miaka ya sitini na sabini karibu kila mara huonekana kutoka upande wa kijana anayeondoka, akiwa amesimama mlangoni au njiani, akitoa onyo. Huonekana pia katika barua inayoomba fedha. Anayebaki naye jioni, basi likishaondoka, haonekani.

Hata tamthilia, ambayo kwa maumbile yake inahitaji miili jukwaani, haikuiziba pengo hili. Wakati Ukuta ya Ebrahim Hussein (1971) ni miongoni mwa tungo bora kabisa juu ya mgongano wa vizazi. Tatu anataka kwenda sinema na Swai, mama anakataa, baba anajaribu kushika katikati. Kizazi kizima cha wanafunzi wa shule za upili na vyuo kimezoezwa kuuliza nani ana haki, mama au binti. Swali hilo ni la halali kwa wakati wake, wakati ambapo ujana ulikuwa ndio sura ya taifa jipya. Lakini mgongano wa vizazi ukishawekwa katika maneno ya haki na ukale, unakuwa mgongano wa mawazo tu, na mawazo hayana magoti yanayouma. Mama wa Wakati Ukuta angali na nguvu za kugomba. Lau tamthilia ingeendelea miaka thelathini mbele, swali lingekuwa jingine: Tatu, aliyeondoka kwa hasira, angerudi? Nani angempigia simu? Haielekei kuwa ni kumwonea mwandishi mkubwa kumwuliza swali ambalo hakulikusudia, mradi ikumbukwe kwamba takriban hakuna mwingine aliyelikusudia.

Katika jambo moja fasihi yetu imekuwa na bidii isiyo kifani, nalo ni mazishi. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir inatutembeza katika kasri zilizohamwa za Pate na kutuonyesha waliokuwa mabwana wakiwa katika dhiki ya kaburi. Kutoka fahari hadi mchwa ni hatua moja, bila kituo cha udhaifu katikati. Karibu karne mbili baadaye, Ebrahim Hussein alichapisha Kwenye Ukingo wa Thim (1988), akichochewa na kesi ya maziko ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986 na kuzikwa Nyalgunga Mei 1987 baada ya miezi mitano ya mabishano mahakamani kati ya mjane na ukoo. Marehemu yule hakuwa mkongwe, na haihusiki hapa kumpatia mtu haki au kumnyima. Lililo muhimu ni aina ya swali ambalo jamii nzima, mahakama, magazeti na mwishowe jukwaa, ilikuwa tayari kulishughulikia kwa miezi mitano: mwili ni wa nani ukishakufa? Baadaye kidogo Ken Walibora alilirudia swali hilo hilo katika hadithi fupi yake “Nizikeni Papa Hapa”, ambamo matakwa ya marehemu kuhusu mahali pa kuzikwa yanashindana na ya watu wa kwao. Swali la mwili ni wa nani ungali hai, ukiwa hauwezi kujiinua, halijawahi kuvuta umati kama huo. Mikutano ya harambee ya maziko hufurika watu ambao wengi wao hawakuwahi kushika kijiko cha uji cha marehemu. Waandishi wetu, kwa kufuata umati, nao wamefika baada ya mgonjwa kufa.

Kuna pahali ambapo ukimya unaishia na pahali pake kuchukuliwa na jambo baya zaidi. Kiswahili kina mzee, neno la heshima lililompamba rais wa kwanza wa Kenya hadi kifo chake mwaka 1978 na ambalo kila kijana humwita mwanamume aliyemzidi umri. Neno hilo linaweza kumtaja mwanamke pia, lakini kama anwani ya heshima aghalabu ni la wanaume. Mwanamke mkongwe ana maneno mengine: ajuza, kikongwe, bi kizee. Hata kama upatanisho wa sarufi unamrudishia uhai, kiambishi kile cha ki- kimeshamdogosha. Katika ngano bi kizee hukaa peke yake pembeni mwa kijiji, macho mekundu, na shujaa hujifunza kumwogopa. Mara nyingine humsaidia shujaa, lakini hata hapo msaada wake ni wa kutisha. Uhakiki umezoea kumwita mhusika bapa na kuendelea na safari.

Katika Kaunti ya Kilifi, kwa miaka mingi sasa, wazee wa kike na wa kiume wameripotiwa kuuawa kwa tuhuma za uchawi, mara nyingi na watu wa jamaa zao, na nyuma ya tuhuma hizo aghalabu pana mgogoro wa shamba la urithi. Ndiko ambako Kaya Godoma, huko Ganze, imekuwa makimbilio ya waliofukuzwa majumbani kwao. Si haki kudai kwamba ngano ndizo zinazoua. Wanaoua wana sababu zao, na ardhi ndiyo ya kwanza. Lakini tuhuma huhitaji sura ambayo wasikilizaji wataitambua bila maelezo, na sura hiyo wametunziwa tangu utotoni. Mvi, macho mekundu ya moshi wa kuni na upweke, ambavyo ni dalili za mtu aliyekosa wa kumtunza, vimesomwa kama dalili za uchawi. Hapa uainishaji wa wahusika hauwezi kubaki zoezi la darasani.

Miaka ya tisini iligeuza kazi yenyewe juu chini. Serikali ya Kenya ilitangaza Ukimwi kuwa janga la taifa mwezi wa Novemba 1999, na wakati huo katika vijiji vingi waliokuwa wakiuguza walikuwa akina nyanya. Aliyestahili kuuguzwa alimwuguza mwanawe, akamzika, kisha akaanza upya kulea wajukuu kwa mikono iliyokuwa imeanza kutetemeka. Fasihi ya Ukimwi katika Kiswahili ilikua haraka, na riwaya ya William Mkufya, Ua la Faraja (2004), ni miongoni mwa zinazosomwa zaidi. Kwa jumla, hata hivyo, utanzu huu ulivutwa na mapenzi, uambukizaji na onyo kwa vijana. Nyanya aliingizwa katika sura za mwisho apokee watoto. Itakuwa kazi ya maana kwa mtafiti kuzipitia hadithi hizo na kuhesabu ni wangapi kati ya akina nyanya hao wamepewa hata jina lao wenyewe, mbali na jina la mtoto wa kwanza.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na ya kupata matunzo na msaada ufaao kutoka kwa familia yake na kwa Dola. Dola imejitokeza kwa shilingi 2,000 kwa mwezi kupitia mpango wa Inua Jamii, ambao tangu 2018 ulipanuliwa kuwalenga wote waliotimiza miaka 70. Kuhusu familia, kifungu kinasema neno hilo moja na kunyamaza, kama kwamba kila mtu anaifahamu. Familia hiyo ni nani? Tangu 2007 mtoto aliye mjini ameweza kutuma fedha za dawa kwa M-Pesa kabla chai haijapoa, na hapana budi kukiri kwamba fedha hizo zimewaokoa wengi. Haziwezi kumgeuza mtu ubavu. Binti wa pwani aliyekwenda Saudi Arabia kufanya kazi ya nyumbani huenda anamhudumia kule bibi wa watu usiku kucha, ili atume nyumbani fedha za kumlipa msichana mwingine amhudumie mamaye. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi mapatano ya kuwapeleka wauguzi wa Kenya wakafanye kazi huko, katika nchi yenye wazee wengi na mikono michache. Kazi ambayo fasihi haikuipa utanzu imepata soko, na soko limeipa bei na mkataba. Msichana aliyeajiriwa kijijini kwa malipo ya mkononi hana mkataba, na katika hadithi zetu, kama alivyokuwa kijakazi wa Siyu, anaingia na sinia na kutoka.

Wapo watakaosema kwamba ukimya huu ni sitara. Mswahili hausemi mwili wa mzazi wake mbele za watu. Kuueleza ni kumvua nguo. Hoja hii ni nzito kuliko inavyodhaniwa, na ndiyo inayowazuia wengi wa wanaoandika, hasa wanawake, wasiandike wanayoyafahamu. Mwana Kupona mwenyewe aliistahi sitara. Hasemi ugonjwa wake ulikuwa wapi mwilini. Hata hivyo, ndani ya mipaka hiyo hiyo aliweza kusema kwamba anaugua, kwamba mwaka umepita, kwamba mtu fulani yu karibu naye. Sitara haikumzuia kumwonyesha aliyeshika wino. Na pale mwishoni, utendi unapogeuka kuwa dua, anawaombea watoto wake na jamaa zake wote na kumwomba Mungu amwondolee maradhi, akiwa na jina ambalo maana yake ni afya iliyorudi.

Hakupona. Utendi ulinakiliwa, ukapita kutoka nyumba hadi nyumba, ukafika mikononi mwa wakusanyaji wa Ulaya, na kila nakala imehifadhi wito ule wa mama kwa binti. Kati ya siku aliyoitwa na siku aliyofiwa, Mwana Hashima alipitisha miezi ambayo ni yeye tu angeweza kuisimulia. Kalamu alikuwa nayo. Yaliyoandikwa kwayo, kwa kadiri jadi ilivyotufikishia, ni maneno ya mamaye.